Gari la Mheshimiwa na Barabara ya Mwananchi

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa mawakili wa kampeni mbele ya wanaharakati na waumini waliokutana katika ukumbi wa kanisa, Mugutha)



Katika barua ya mwaliko niliombwa nizungumzie mageuzi ya sheria. Nimeiomba kamati ruhusa nizungumzie magari. Sababu mnaijua. Tangu mkutano uliopita iko hoja mbele yetu isemayo kwamba mwaniaji yeyote wa kiti, awe wa chama kipi, atakayetaka kusimama mbele ya mkutano huu kabla ya uchaguzi mkuu ujao, sharti kwanza atie sahihi ahadi ya kutokubali kununuliwa gari kubwa la kifahari kwa fedha za umma. Hoja hiyo imetugawanya. Wako wasemao kwamba ni jambo dogo lisilowastahili watu wazima. Wako wasemao kwamba ni wivu mtupu. Na wako, hasa miongoni mwa vijana, wanaotaka makali yaongezwe hata magari ya watu binafsi yaguswe. Nitasema niaminivyo mimi, kisha mtapiga kura.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya gari lipi. Hatuzungumzi juu ya gari la kazi. Daktari anayetoka Lodwar kwenda kijijini, polisi aliye Mandera, muuguzi wa misheni anayevuka mto mkavu kule Marsabit, hao wanahitaji gari refu, zito, lenye kuvutwa na magurudumu yote manne, na anayewanyima hilo anawanyima wagonjwa uhai. Mnazijua Land Cruiser za namna hiyo: viti vigumu vya ubavuni, madirisha ya kukunja kwa mkono, hazina hata zulia. Tunalozungumzia hapa ni lile gari jingine, lenye umbo la gari la porini na tumbo la sebule: viti vya ngozi, injini ya silinda nane au zaidi, kasi ya gari la mashindano, bei ya shilingi milioni 15, milioni 20, na kupanda. Ndugu zetu wa Tanzania huliita shangingi. Neno hilo lina maana nyingine ambayo sitaitaja mbele ya akina mama, ila niseme tu kwamba walioligeuza jina la gari hawakukosea.

Mimi ni wakili, na wakili aliyefunzwa vyema huanza kwa kuijenga kesi ya mpinzani wake kwa uaminifu. Basi nitaanza kwa kulitetea gari hilo.

Hoja ya kwanza ya watetezi wake ni barabara. Wanasema: kiongozi hakai Nairobi pekee, sharti afike mashinani, na barabara za mashinani ni mbovu. Ukweli wa jambo hili hauhitaji shahidi. Nyinyi mlioko hapa mnaishi kando ya barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, kilomita hamsini hivi za lami ambazo wageni huja kuzipiga picha. Lakini mkiiacha barabara hiyo na kuingia ndani, mvua za Aprili zinapokuwa zimekolea, mwajua wenyewe. Mama mwenye mimba hubebwa kwa bodaboda, na bodaboda ikishindwa hubebwa kwa mikono. Watoto huvua viatu waende shule, wavivae tena langoni. Katika hali hiyo, asema mtetezi, mwamtaka mheshimiwa aje kwa gari gani?

Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba gari lile refu linamponya aliyemo ndani, lakini barabara haliiponyi. Tafakarini jambo hili polepole. Yupo mtu mmoja katika eneo hili mwenye uwezo wa kusimama katika Bunge la Kaunti au Bunge la Taifa akaidai fedha ya barabara ile. Mtu huyo mmoja ndiye tuliyemnunulia chombo cha kumfanya asilihisi shimo. Springi zake zinalimeza. Vioo vyake vya giza vinalificha. Kipoza hewa chake kinamkinga na vumbi lile linalowakohoza wenye vibanda. Akifika mkutanoni atawaambia kwamba ameona taabu ya barabara yenu, naye hasemi uongo, maana kuiona ameiona. Kilichotokea ni kwamba hakuihisi mgongoni. Sisi wenyewe, kwa kodi yetu, tumemtoa katika hali yetu, kisha tunashangaa kwamba haielewi.

Tena wako wengi humu wanaozijua gereji kuliko mimi, nao watanisahihisha nikikosea: mengi ya magari hayo ya bei kubwa kabisa hayakuundwa kwa matope yetu. Tairi zake ni pana na nyembamba ubavuni, zilizokusudiwa mwendo wa kasi juu ya lami nyororo. Zikikutana na shimo la kweli, hupasuka. Springi zake za hewa zikiharibika, gharama ya kuzitengeneza ingeweza kununua gari dogo lililotumika. Kwa hiyo hata ile sababu ya barabara mbovu, ukiikagua, inalitetea gari la kazi tu. Shangingi limeazima hoja ya jirani yake.

Na barabara inalipiwa na nani? Tangu Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ni shilingi 25 katika kila lita ya petroli na dizeli. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria pale stendi hulipa shilingi hizo 25 kutoka mfukoni mwake kila anapotia lita moja. Mheshimiwa mwenye gari la umma hailipi hata moja, kwa kuwa mafuta yake nayo yanalipiwa na Hazina, yaani na yule kijana tena. Baadhi ya magari hayo yana matangi mawili, yakipokea zaidi ya lita 130. Tukichukua mfano wa bei ya shilingi 170 kwa lita, kulijaza mara moja ni shilingi 22,100. Sina haja ya kuwaambia vibarua wa mashamba ya kahawa wangapi waliomo humu huchukua zaidi ya mwezi kuzipata.

Hoja ya pili ni usalama. Kiongozi, wasema, ana maadui. Na gari zito humlinda hata katika ajali. Kuhusu maadui, sitawacheka, kwa maana historia ya nchi hii ina makaburi ya viongozi waliouawa, tangu Pio Gama Pinto mwaka 1965, Tom Mboya mwaka 1969 na J. M. Kariuki mwaka 1975. Lakini tukumbuke kwamba Pinto alipigwa risasi akiwa garini mwake langoni kwa nyumba yake, Mboya akitoka dukani mchana, na J. M. baada ya kuonekana mara ya mwisho akitoka hotelini pamoja na polisi. Katika hao watatu hakuna ambaye angeokolewa na ukubwa wa injini.

Kuhusu ajali, ni kweli kwamba aliye ndani ya tani mbili na nusu za chuma ana nafuu. Nafuu hiyo, hata hivyo, huchukuliwa kwa mtu mwingine. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa magari kwa niaba ya kampuni za bima ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: magari ambayo boneti yake imepanda zaidi ya inchi 40, yaani mita moja hivi, yana uwezekano wa takribani asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu yanapomgonga, yakilinganishwa na magari yenye boneti ya chini iliyoinama. Gari la chini humpiga mtu miguuni. Lile refu humpiga kifuani, na mtoto humpiga kichwani. Na hapa kwetu wanaokufa zaidi barabarani ni watembeao kwa miguu. Ni nyinyi, mnaposubiri matatu za 237 alfajiri au kuvuka na watoto kwenda ibada ya kwanza.

Nafika sasa kwenye hoja ya tatu, ambayo naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa ndiyo isiyosemwa kwa sauti. Ni hoja ya heshima. Wanasema: waziri wa nchi, gavana, mbunge, hawezi kufika mbele ya watu kwa kigari, watu watamdharau, na akidharauliwa yeye imedharauliwa ofisi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inaitambua heshima ya ofisi. Kifungu cha 73 chaitaja. Ila katika kifungu hicho hicho imeandikwa kwamba mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana, na kwamba kazi yake ni kuwatumikia watu wala si kuwatawala. Waliokiandika waliziweka heshima na utumishi mahali pamoja kwa makusudi.

Nanyi waumini mna andiko la kale zaidi ya Katiba. Fungueni nyumbani kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nane, pale wazee wa Israeli walipotaka mfalme. Nabii hakuwakataza; aliwahesabia gharama. Na gharama ya kwanza kabisa aliyoitaja, kabla ya mashamba na kabla ya zaka ya nafaka, ilikuwa magari: kwamba mfalme huyo atawachukua wana wao kwa ajili ya magari yake, na wengine watakimbia mbele yake. Msafara na king'ora si mambo ya jana, ndugu zangu. Someni tena kitabu cha pili, sura ya kumi na tano. Absalomu alipoazimia kumpindua baba yake, alianza wapi? Alijitengenezea gari na farasi, akaweka watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Kisha ndipo akaketi kando ya njia ya lango akawaambia watu kwamba kesi zao ni za haki lakini hakuna wa kuwasikiliza. Kampeni yote ya siasa kama tuijuavyo imo katika aya sita zile, na inaanza na gari.

Nasema hoja hii ina nguvu kwa sababu mbili. Ya pili nitaifikia. Ya kwanza ni kwamba historia yetu yaithibitisha. Nitaipitia kwa haraka.

Uhuru ulipokuja, Afrika Mashariki nzima ilipata kabila jipya, Wabenzi, na jina hilo lilitungwa na watu wa kawaida katika Kiswahili chao kabla ya wasomi kulitia vitabuni. Chama kimoja kikatawala. Ulipofika mwaka 1990, Wakenya wakajitokeza Kamukunji siku ya Saba Saba. Desemba 1991 Kifungu 2A kikaondolewa. Na Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Tulidhani kwamba vyama vikiwa vingi, vitachungana. Vilichungana katika mambo kadhaa, na hayo nitayatetea daima. Katika jambo la magari havikuchungana hata siku moja. Wa upinzani aliyeingia serikalini alilikuta gari likimngoja uani, na hakulikataa.

Serikali iliyoingia mwishoni mwa Desemba 2002 iliingia kwa wimbo wa kuupiga vita ufisadi. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na tawi la Kenya la shirika la Transparency International walichapisha ripoti kuhusu miezi 21 ya mwanzo ya serikali hiyo, Januari 2003 hadi Septemba 2004. Katika muda huo Serikali ilikuwa imetumia takribani shilingi milioni 878 kununulia magari ya kifahari. Ripoti ikakadiria kwamba fedha hizo zingewasomesha watoto 25,000 kwa miaka minane.

Mwaka 2009, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru magari makubwa yarudishwe na kila waziri apewe gari moja lenye injini isiyozidi cc 1,800. Zikanunuliwa Volkswagen Passat zaidi ya mia moja. Mlicheka wakati ule, nami nakumbuka. Ilikuwa furaha kuwaona vigogo wakijikunja kuingia katika gari la kawaida. Baadhi yao walikawia kuyarudisha makubwa, na miaka michache baadaye Passat zilikuwa zimesahaulika na misafara ikawa mirefu kuliko kwanza. Mwezi Mei 2013 wabunge wapya walipodai nyongeza ya mshahara, wanaharakati waliwapeleka nguruwe mbele ya Bunge; mwishowe walikubali mshahara upunguzwe, na katika maafikiano hayo kila mmoja akapata shilingi milioni 5 za gari.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na pendekezo la kodi ya magari ambalo nawaomba mlitazame kwa makini, maana halikupata kutazamwa vya kutosha katika moshi wa siku zile. Kila mwenye gari angelipa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake wakati wa kuchukua bima, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Fanyeni hesabu. Mwenye Probox ya shilingi 600,000, anayebebea mboga kutoka shambani hadi soko la Ruiru, angelipa 15,000. Mwenye gari la milioni 4 angelipa 100,000. Na mwenye gari la milioni 20? Angelipa 100,000 zile zile, yaani nusu ya asilimia moja. Ukomo ule wa juu ulikuwa umemjengea tajiri ukuta. Na magari ya Serikali yenyewe yangesamehewa kabisa. Kamati ya Bunge ililiondoa pendekezo hilo tarehe 18 Juni 2024, kwa sababu vijana walikuwa wamejaa barabarani. Wiki moja baadaye risasi zililia nje ya Bunge, na baadhi ya vijana hao hawakurudi kwa mama zao. Tarehe 26 Juni Mswada wote uliondolewa, na tarehe 5 Julai Rais akatangaza kwamba ununuzi wa magari mapya ya Serikali umesimamishwa kwa miezi kumi na miwili, isipokuwa ya vyombo vya usalama.

Miezi kumi na miwili. Amri ya 2009 na amri ya 2024 ni ndugu wa tumbo moja. Zote zilitolewa na mkubwa kwa mdomo wake, na kinachotolewa kwa mdomo wa mkubwa hurudi kwa mdomo huo huo. Jirani zetu wa Rwanda, katikati ya miaka ya 2000, waliyakusanya magari makubwa ya serikali wakayapiga mnada, nao maafisa wakatakiwa wajinunulie magari yao kwa kusaidiwa sehemu ya gharama. Matokeo ya hatua ile nayasifu, lakini na hiyo ilikuwa amri ya juu. Sisi hatuna, na nadhani hatutaki, mtu mmoja wa kutuamulia.

Sababu ya pili ya nguvu ya hoja ya heshima, niliyoahidi kuifikia, ni sisi wenyewe. Nitasema wazi, na atakayeudhika aniudhikie mimi. Mwaniaji akija hapa kwa matatu, tutamsikiliza kwa adabu na kumpa soda. Akija kwa Land Cruiser tatu zenye vioo vyeusi, watoto watakimbia nyuma yake, wahudumu wa kanisa watamwondoa mzee wa miaka themanini kwenye kiti cha mbele, na mwenyekiti wa maendeleo atalisoma jina lake kabla ya jina la mchungaji. Nimewasikia wanaharakati wazuri, watu waliowahi kulala korokoroni kwa ajili ya nchi hii, wakisema juu ya mtu mwadilifu kwamba hafai kuwania kwa kuwa hana gari la kueleweka. Hivyo mwaniaji huazima fedha ili alinunue, na akishinda, deni hilo hulipwa na zahanati yenu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tumekuwa tukimsifu mgema kwa ukubwa wa kibuyu.

Makanisa yameanza kuligundua hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alisema mimbari si ya wanasiasa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais katika parokia moja ya jimbo lake zirudishwe, na basi lililoahidiwa lisipokelewe. Basi, nalo ni gari. Na ni gari ambalo waumini walilihitaji kwa kweli. Nalikumbuka jambo hilo kila nisikiapo kwamba gari ni jambo dogo.

Sasa kuhusu hoja iliyo mbele yetu. Naunga mkono sehemu yake kubwa na kuipinga sehemu moja.

Ninayoipinga ni ile nyongeza ya vijana kuhusu magari ya watu binafsi. Kifungu cha 40 cha Katiba humlinda kila mtu katika mali yake. Mfanyabiashara wa Ruiru aliyejenga nyumba za kupangisha kwa jasho lake akataka Range Rover, anunue, na apewe nafasi barabarani kama mwingine. Naweza kumhesabu kuwa mtu wa ladha mbaya, lakini ladha mbaya si kosa la jinai, na kampeni ya mageuzi inayoanza kupekua mali halali za watu itaishia pale pale zilipoishia tawala tulizozipinga. Swali letu kwa mtu binafsi anayeomba kura ni moja tu: ulilipata wapi? Sura ya Sita ya Katiba yaturuhusu kuuliza.

Ninayoiunga mkono ni ahadi juu ya fedha za umma, ila nataka iwe na meno. Ahadi ya kutonunuliwa gari la kifahari haitoshi, kwani gari laweza kukodiwa. Laweza pia kuandikwa kwa jina la idara, likaitwa gari la ukaguzi wa miradi, huku likilala nyumbani kwa mheshimiwa. Napendekeza maneno haya yaongezwe: kwamba mwaniaji akichaguliwa, atachapisha kila mwaka orodha ya magari yote ya umma anayotumia, yaliyonunuliwa na yaliyokodiwa, pamoja na ujazo wa injini, bei, mafuta na matengenezo. Hiyo ni karatasi moja. Asiyeweza kutuandikia karatasi moja ana sababu.

Wala tusingoje uchaguzi. Katika makadirio ya kila idara ya Serikali na ya kaunti, mafungu yana nambari. Mafuta yako chini ya 2211200. Matengenezo ya magari yako chini ya 2220100. Ununuzi wa magari uko chini ya 3110700. Makadirio ya kaunti sharti yafike katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na Kifungu cha 201 chataka wananchi washirikishwe na fedha zitumiwe kwa busara. Mnapoitwa katika vikao vile vya maoni mkapewa maji na kofia, msiulize tu kuhusu barabara ya kwenu. Fungueni nambari hizo tatu, mzijumlishe, kisha mziweke kando ya fungu la barabara. Madarasa 10,000 ya shule za sekondari yaliyojengwa nchini mwaka 2021 na 2022 yalitengewa shilingi bilioni 8, yaani 800,000 kila moja. Gari la milioni 16 ni madarasa ishirini. Mkiisema hesabu hiyo kwa sauti katika kikao, karani atalazimika kuiandika.

Na mkinyimwa orodha, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, iliyotokana na Kifungu cha 35. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema hivyo, kwa hiyo asikutishe mtu. Hutozwi ada kwa kuliwasilisha, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Hulazimiki kueleza unaitakia nini habari hiyo. Afisa ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza au akikataa, una siku 30 za kulipeleka shauri mbele ya Tume ya Haki ya Utawala. Na ikidhihirika kwamba mtu aliidhinisha fedha kinyume cha sheria, Kifungu cha 226 chasema atailipa hasara hiyo mwenyewe, hata akiwa amekwisha kuondoka ofisini. Ni kifungu kisichotumika vya kutosha, nami ningependa kukitumia kabla sijazeeka.

Barua ya kwanza nimekwisha kuiandika, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Inaomba orodha ya magari ya kaunti kwa miaka mitatu ya fedha iliyopita. Iko mezani karibu na mlango, pale aliposimama katibu. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo kila atakayetia sahihi aandike na nambari ya kitambulisho. Nahitaji watu kumi, na ningefurahi kama watano kati yao wangekuwa akina mama. Tutaipeleka Jumanne asubuhi na kuomba muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku zile 21 huhesabiwa kutoka siku ombi lilipopokelewa.